Msiige Jinzi Mkaacha Mapatano



Wengine wenu mtashangaa kuona ukurasa huu, ambao kwa kawaida huzungumza juu ya malipo ya ziada, likizo na mabuti ya kazi, leo ukizungumza juu ya suruali za waandishi wa sinema wa Marekani. Nawaomba mvumilie. Jambo lenyewe lilinijia nyumbani, nami nilipolifikiri nikaona ni la chama kabisa.

Binti wa ndugu yetu mmoja, mwanachama wa siku nyingi, huandika michezo ya televisheni hapa Nairobi. Mwezi uliopita aliitwa na kampuni moja aende akawasimulie hadithi aliyoitunga, ili wakiipenda wainunue. Alikuja kwangu jioni pamoja na babake, akaniuliza, "Mzee, kesho kutwa nivae nini?" Nikamwambia avae nguo zake za kuendea kanisani. Akacheka. Akasema waandishi wenyewe wa Hollywood wamekwisha andika mashauri mengi juu ya jambo hili, na karibu wote husema neno moja: usivae suti. Vaa jinzi na fulana, na raba zisizo na matope, usije ukadhaniwa wakili.

Nilifikiri ananitania. Lakini tuliketi tukasoma pamoja, na siku zilizofuata nikaendelea kusoma peke yangu, kwa maana katika miaka yangu yote ya chama nimeamini kinyume cha hayo. Sisi tulifundishwa kwamba mfanyi kazi akienda kuonana na mwenye kampuni avae koti, na kama hana aazime. Na hawa, ambao baadhi yao hulipwa kwa mswada mmoja fedha ambazo mimi sikuzipata katika maisha yangu yote ya kazi, huenda mezani wamevaa kama watu wanaokwenda kuosha gari. Nilitaka kujua kwa nini.

Kwanza niwaeleze kazi yenyewe. Mwandishi wa sinema wa Los Angeles siku hizi hana karakana wala kadi ya kutia saa. Kazi moja ikiisha yeye hana kazi mpaka apate nyingine, na njia ya kupata nyingine ni mikutano. Iko mikutano ya kujuana tu, ambayo haina kazi iliyotajwa. Mwandishi huketi juu ya kochi, kijana wa ofisini humletea chupa ya maji, mkubwa wa kampuni humwuliza ametoka wapi na anapenda hadithi za namna gani, halafu huagana kwa maneno matamu. Waandishi wenyewe huzifanyia mzaha chupa hizo, kwa sababu mtu aweza kuzunguka mji ule mwezi mzima, toka ofisi hii mpaka ile, asipate malipo mengine ila maji. Tena iko mikutano ya kusimulia, ambapo mwandishi hueleza hadithi yake kwa mdomo tangu mwanzo hata mwisho, mbele ya watu wawili watatu wanaoweza kuinunua. Na kwa wale wa televisheni kuna kuonana na mwandishi mkuu wa mchezo, ambaye anatafuta watu wa kukaa naye chumba kimoja kwa wiki nyingi wakitunga pamoja.

Kwa mikutano yote hii shauri la wakongwe ni lile lile. Jinzi, lakini isiyotoboka. Fulana au shati, lakini safi na yenye kukaa vizuri mwilini. Raba. Kukiwa na baridi, sweta lenye kofia. Na ukitaka kuonekana mtu mzima zaidi, koti moja juu ya fulana, bila tai. Tai ni mwiko. Atakayekwenda na suti na tai ataonekana ama ni mgeni wa mji ama ametoka mazishini. Nao huonya upande wa pili pia: usiende unanuka, usiende na nguo uliyolalia, wala usivae kitu cha ajabu kitakachowafanya watu waitazame nguo badala ya kusikiliza hadithi. (Tangu 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga ofisi, mikutano mingi ilihamia kwenye kompyuta, na hapo shauri likapungua nusu: shati tu. Chini ya meza kila mtu na Mungu wake.)

Sababu yake nini? Sababu ni kwamba suti katika mji ule ina wenyewe. Ni ya wakili, ni ya wakala anayemtafutia mwandishi kazi na kukata sehemu ya malipo, ni ya wakubwa wa kampuni. Waandishi katika lugha yao ya kazini huwaita wakubwa hao kwa jina la nguo, "suti". Basi mwandishi akija na suti amevaa ngozi ya upande mwingine wa meza. Mnunuzi naye hataki kununua hadithi kwa mtu anayefanana na yeye mwenyewe. Anataka kumwona msanii, mtu ambaye kichwa chake kimejaa hadithi hata hakikumbuki pasi.

Hapo nikaanza kuelewa. Watu husema kwamba mwandishi wa sinema ana uhuru wa kuvaa apendavyo. Si kweli. Mtu mwenye uhuru hahitaji kusoma mashauri kurasa na kurasa kabla ya kufungua sanduku la nguo. Ile jinzi ni sare, kama ilivyokuwa kanzu nyeupe ya mpishi katika nyumba za Wazungu zamani, na kama ilivyo ovaroli yetu. Tofauti ni kwamba sare yetu hutolewa na kampuni, na ikichakaa tunadai nyingine. Lakini yeye sare yake hujinunulia mwenyewe, tena huambiwa ajifanye hakuinunua kwa ajili ya siku hiyo.

Wala sare hiyo haiwakai wote sawasawa. Mwanamume kijana, mweupe, akiingia na fulana kuukuu, watu husema huenda ni mtu wa akili nyingi asiyejali mambo ya dunia. Mwanamke akivaa vile vile aweza kudhaniwa ndiye aliyeleta maji. Akijipamba zaidi, ataonekana hana uzito. Na mwandishi mweusi mwenye sweta la kofia hana budi kumfikiri kwanza askari wa langoni kabla hajamfikiri mnunuzi aliye ghorofani. Uhuru wa nguo unaotegemea rangi ya mvaaji, sisi wa Kenya hatuhitaji kuelezwa ni uhuru wa namna gani.

Niruhusuni nieleze kisa changu, maana kinahusu. Nilipokuwa kijana katika kiwanda kimoja hapa Nairobi, tulichaguliwa watu wanne kwenda kuzungumza na meneja juu ya malipo ya zamu ya usiku. Tuliazima makoti. Langu lilikuwa la shemeji yangu, mtu mnene, nami nikawa kama fimbo iliyofunikwa blanketi. Tukaingia tumekaza tai, jasho likitutoka, tukamkuta meneja amekunja mikono ya shati, hana hata koti. Alitutazama toka juu hata chini, akatabasamu, akasema amefurahi kuona wafanyi kazi wake wanajiweza kiasi cha kuvaa vizuri hivi. Yaani koti la shemeji lilifanywa ushahidi kwamba mshahara watosha! Mwenzetu wa nne, karani wa stoo, hakupata koti la kuazima. Alikuja na shati lake lenye kiraka, na daftari. Ndani ya daftari alikuwa ameandika kila usiku tuliofanya kazi kwa miezi saba, na saa zake. Meneja aliacha kutabasamu daftari lilipofunguliwa. Hatukupata yote tuliyodai, lakini tulichopata kilitoka katika daftari, si katika makoti.

Sasa tuwarudie hao wa Hollywood, kwa sababu na wao wana habari yao ya makoti. Katika miaka ya 1930 mwandishi wa sinema hakuwa mtu wa jinzi. Alikuwa mtu wa ofisi. Studio kubwa zilimwajiri kwa mshahara wa wiki, zikampa chumba na taipureta, na katika baadhi ya studio alitakiwa awe mezani asubuhi, atoke jioni, na Jumamosi afanye nusu siku. Ukitazama picha za zama zile utawaona wamevaa koti na tai kama makarani wa benki. Wengi wao walijiona ni mabwana, si wafanyi kazi. Chama waliona ni jambo la mafundi.

Mwezi wa Machi 1933, mabenki ya Marekani yalipofungwa, studio zikatangaza kukata mishahara kwa nusu muda wa wiki nane. Waandishi wenye tai wakakatwa nusu. Waigizaji nao wakakatwa. Lakini mafundi wa jukwaa, watu wa ovaroli na nyundo, walikuwa na chama chao, IATSE, nao wakakataa. Mishahara yao haikuguswa. Ndugu zangu, nilipoufikia ukurasa huo niliweka miwani chini. Mwenye tai alirudi nyumbani na nusu, mwenye ovaroli akarudi na kamili! Waandishi waliliona jambo hilo kwa macho yao, na Aprili mwaka ule ule wakaunda chama chao, Screen Writers Guild, John Howard Lawson akiwa rais wake wa kwanza.

Matajiri hawakulala. Mwaka 1936 kikatokea chama kingine cha waandishi, Screen Playwrights, ambacho studio zilikipenda sana, nasi twajua chama kinachopendwa na mwenye kampuni ni chama cha namna gani. Ilipofika 1938 ikapigwa kura chini ya serikali, na waandishi wakachagua chama chao wenyewe. Hata hivyo mapatano ya kwanza hayakupatikana mpaka 1942. Miaka tisa toka kuunda chama hata kutia sahihi! Wale wanaolalamika katika matawi yetu kwamba mazungumzo ya miezi minne ni marefu, wahesabu hapo.

Halafu mwaka 1947 waandishi kadhaa, Lawson mmoja wao, waliitwa Washington mbele ya kamati ya Bunge kuulizwa kama ni Wakomunisti. Walikwenda na suti nzuri na tai. Picha zao zipo. Lawson na Dalton Trumbo walitiwa jela 1950 kwa kukataa kujibu, na wengine wengi wakanyimwa kazi miaka mingi. Trumbo aliendelea kuandika kwa majina ya watu wengine. Na chama chao wakati ule, ni aibu kusema, hakikuwasimamia. Naitaja habari hii kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba nguo ya heshima huleta heshima.

Nini basi kilichovua tai? Studio ziliacha mtindo wa kuwaweka waandishi kwa mshahara wa wiki, hasa televisheni ilipokuja na watazamaji wa sinema wakapungua katika miaka ya 1950. Mwandishi akatolewa ofisini, akarudi kuandikia nyumbani kwake, akilipwa kwa mswada. Mtu aandikaye jikoni mwake hana haja ya tai. Kwa hivyo ile jinzi ambayo vijana wetu wanaiona ni alama ya raha, inamfaa pia mtu asiye na kazi ya kudumu. Aliyevua tai alivua na mshahara wa wiki. Sisemi tai ndiyo iliyoushika mshahara. Nasema vilitoka kwa mlango mmoja.

Na hapa ndipo penye shida yenyewe. Nguo ya mapumziko huleta fikira kwamba kazi nayo ni mapumziko. Msimamizi akiniona mimi na ovaroli saa kumi na moja jioni anajua kwamba kunichelewesha ni saa ya ziada. Lakini mwandishi ameketi juu ya kochi na raba zake, wanacheka pamoja, wanaitana kwa majina tu bila Bwana wala Bibi, kama marafiki. Na rafiki huombwa. "Irudie kidogo tu kabla hatujampelekea mkubwa." "Tuandikie kurasa mbili tatu za kutukumbusha." Kurudia kidogo huko kwaweza kuwa wiki tatu za kazi bila senti moja, na akikataa ataonekana si mwenzao. Chama cha waandishi kimelalamikia kazi hii ya bure kwa miaka mingi, na kimewashauri wanachama wasiache karatasi yoyote katika chumba walichokwenda kusimulia. Kampuni ikitaka maandishi, ilipie maandishi. Mwandishi aingie na mdomo wake, atoke na karatasi zake. Shauri hili, kwa maoni yangu, lina maana kuliko yote yaliyoandikwa juu ya raba.

Mtauliza, kama mambo ni hayo, mbona mtu yule wa jinzi hajaliwa mzima? Ni kwa sababu ya kitu kisichoonekana katika nguo zake. Nyuma ya ile fulana kuna mapatano ya chama, ambacho tangu 1954 huitwa Writers Guild of America. Mapatano hayo hutaja kima cha chini cha kila namna ya kuandika: mswada mzima, kurudia, kusahihisha, kipindi cha nusu saa, kipindi cha saa nzima. Kampuni iliyotia sahihi haiwezi kumlipa mwandishi chini ya kima hicho, awe amevaa hariri au kaptula. Yanaeleza pia malipo ya marudio, ambayo mwandishi hupata kazi yake inapoonyeshwa tena. Mgomo wa 1960, uliochukua karibu miezi mitano, ndio ulioleta mfuko wa pensheni na wa matibabu. Hivyo yule unayemwona amejilegeza juu ya kochi kama mtu asiye na shaka, kulegea kwake kumelipiwa na watu waliosimama langoni mwa studio kabla hajazaliwa.

Tena wamekwisha pigana na suti zenyewe. Mawakala wakubwa walikuwa na desturi ya kuiuzia kampuni mchezo pamoja na watu wake wote kama furushi moja, wakilipwa na kampuni hiyo badala ya kukata asilimia kumi ya malipo ya mwandishi. Yaani mtu uliyemwajiri akutetee alikuwa akila upande wa pili wa meza. Aprili 2019 chama kikawaambia wanachama waachane na kila wakala asiyekubali masharti mapya, na waandishi zaidi ya 7,000 wakatia sahihi barua za kuwafukuza. Fikirini jambo hilo! Kila mmoja wao alikuwa akimtegemea wakala wake kwa kazi ijayo, na peke yake kila mmoja angeogopa. Mawakala walikataa kwa muda mrefu, wengine kwa karibu miaka miwili, lakini mwanzo wa 2021 wakubwa wote walikuwa wamekwisha kubali. Watu wa jinzi waliwafukuza watu wa suti, kisha wakawarudisha kwa masharti yao.

Ikafuata 2023. Mei 2 mwaka huo waandishi wapatao 11,500 waliweka kalamu chini, wasizishike tena kwa siku 148. Huko Los Angeles walizunguka mbele ya malango ya studio katika jua kali, na wamevaa nini? Fulana. Ile ile nguo ya kochini, safari hii ya buluu na imepigwa chapa ya chama. Wale waliokuwa wakiambiwa wavae kama watu wasiojali kitu, walivaa namna moja wote wakaonyesha wanachojali. Walipata mengi: idadi ya waandishi wasiopungua kiasi fulani katika vyumba vya kutungia michezo ya televisheni, na sheria kwamba mashine za akili bandia hazitahesabiwa kuwa mwandishi. Lakini mimi nililipenda moja dogo. Mapatano yale yalisema kwamba mwandishi akiajiriwa kuandika mswada wa kwanza wa sinema kwa malipo yasiyozidi mara mbili ya kima cha chini, ni lazima aajiriwe na kulipwa kwa hatua ya pili pia. Hapo ile "irudie kidogo tu" ikapata bei.

Haya yote nilimweleza yule binti, naye alisikiliza kwa heshima ingawa alikuwa na haraka. Kisha nikamwuliza maswali. Kampuni itakulipa kiasi gani wakiipenda hadithi? Hajui. Wakikwambia uirudie mara tatu, utalipwa mara ngapi? Hajui. Mchezo ukionyeshwa mwaka ujao tena, utapata nini? Akacheka tu. Wenzako wanaoandika kazi kama hii hapa mjini hulipwa kiasi gani kwa kipindi kimoja? Akasema wanafichana. Kila mmoja anaogopa kwamba mwenzake akijua bei yake atakwenda kwa kampuni aitaje ndogo zaidi.

Hilo ndilo lililonihuzunisha. Binti mwenye akili kama yule ajua mwandishi wa California huvaa raba za namna gani, lakini hajui malipo ya mwenzake anayekaa South B. Na si kosa lake. Jinzi huonekana, mapatano hayaonekani. Mwandishi wa Hollywood akipigwa picha hutoka fulana yake, haitoki kadi yake ya chama. Jinzi zenyewe tunazipata Gikomba kwa bei ya kuelewana, na huenda mojawapo iliwahi kuketi juu ya kochi la studio kabla ya kupanda meli. Mapatano hayafungwi katika marobota ya mitumba. Kwa hivyo vijana wetu huingia mikutanoni wamevaa kama watu wenye kima cha chini, na kima cha chini hawana. Amevaa nguo za mtu aliyekingwa, naye yuko wazi. Afadhali angevaa koti la shemeji.

Wako watakaosema: hao ni wasanii, si wafanyi kazi, chama chetu kina haja gani nao? Waandishi wa Hollywood walisema hivyo hivyo wenyewe, mpaka Machi 1933. Na wako watakaosema kwamba kuandika michezo si kazi kama kubeba magunia. Mimi nimebeba magunia. Gunia lina uzito unaojulikana na pahali pa kulitua. Huyu hubeba kitu ambacho mnunuzi aweza kumwambia akirudishe tena na tena, na hakuna mizani.

Nimeomba halmashauri ya tawi iwape waandishi hao chumba cha nyuma ya ofisi siku za Jumapili, bila malipo, nayo imekubali kwa kura saba dhidi ya mbili. Waliopinga walisema tutajaza ofisi watu wa nywele ndefu. Nimewajibu kwamba ofisi ina madirisha.

Mtataka kujua ilikuwaje siku ya mkutano. Alivaa jinzi, na raba, na shati jeupe la babake alilolipunguza mikono. Sikupinga, alipendeza, tena alionekana yeye mwenyewe. Nilimpa daftari tu. Alirudi saa tisa. Akasema walimpokea vizuri, walicheka pahali pa kucheka, walinyamaza pahali pa kunyamaza, wakamletea maji. Mwishoni yule bwana akamwambia, "Tuachie hizo karatasi tuzipitiepitie." Akamjibu kwamba atazileta siku ile kutakapokuwa na mkataba wa kutia sahihi. Bwana yule alimtazama kidogo, akasema watampigia simu.

Mpaka tunapopiga chapa toleo hili hawajapiga. Karatasi anazo mwenyewe. Katika daftari amekwisha andika wenzake sita, na kandoni mwa kila jina malipo aliyopata kwa kipindi cha mwisho. Hakuna wawili waliolipwa sawa, ingawa watatu kati yao waliiandikia kampuni moja. Mkutano wao wa kwanza ni Jumapili ijayo saa nane mchana. Viti viko ishirini, atakayechelewa aje na chake. Katika barua ya mwaliko juu ya nguo hatukuandika neno.